Dawa ya Kutuliza Nini?

Mtu akiingia kwenye kemisti kando ya barabara ya Mombasa, hapo Lukenya, akaomba dawa ya kutuliza, huenda akapewa tembe za maumivu ya kichwa. Ndivyo Kiswahili cha kila siku kilivyozoea: kinachotulizwa ni maumivu. Wataalamu nao hulitumia jina hilohilo kwa kundi jingine kabisa, la kina diazepamu, ambazo kazi yake ni kupunguza kasi ya ubongo. Hawajakosea. Kiingereza chenyewe kilichota istilahi yake ya dawa hizi katika kitenzi cha Kilatini sedare, yaani kutuliza.

Wengine, ili wasichanganye mambo, husema "dawa ya usingizi". Hapo ndipo hatari inapojificha. Achilia mbali kwamba nusukaputi ya chumba cha upasuaji nayo huitwa hivyo. Ubaya wa jina hili ni kumfanya mgonjwa aamini kuwa akishaamka, dawa imekwisha.

Haijaisha. Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, huchukua hadi saa 48 kupungua nusu tu mwilini, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayotuliza kwa muda mrefu zaidi. Dereva wa lori aliyemeza kidonge cha miligramu 5 saa nne usiku anaweza kushika usukani alfajiri akijiona mzima, kumbe mguu unachelewa kufika kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde anayochelewa ni mita 22 za lami, na barabara ya Mombasa ina malori ya makontena, matatu za Machakos na bodaboda. Anayesimamia mitambo kwenye viwanda vya saruji vya Athi River yumo katika hatari iyo hiyo. Lakini kibahasha cha dawa mara nyingi huandikwa "1×1 nocte", yaani "usiku" kwa Kilatini, basi. Afadhali kingeandikwa: "Dawa ya kutuliza ubongo. Usiendeshe gari hata kesho asubuhi."

Pombe hupunguza kasi ya ubongo kama dawa hizi, ndiyo maana viwili hivyo havipatani. Kuzichanganya na tramadoli au dawa za kikohozi zenye kodeini ni hatari zaidi, kwani pumzi yenyewe hufifia. Mwaka 2016 Marekani iliamuru mchanganyiko huo uwekewe onyo kali kuliko yote. Wazee wanaotumia dawa za kutuliza nao huweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

Mtaani hawakungoja wanaistilahi. Kenya nzima inajua maana ya "kuwekewa mchele" kwenye baa, yaani kutiliwa dawa kwenye kinywaji: mtu anaamka hana simu, hana pesa, wala hakumbuki aliketi na nani. Kusahau huko ni athari inayojulikana ya kundi hili la dawa, hasa Rohypnol, ambayo baadaye watengenezaji waliitia rangi ya buluu ili ionekane ndani ya kinywaji.

Kuacha dawa hizi nako kuna masharti. Aliyetumia diazepamu wiki nyingi akaikatiza ghafla anaweza kupatwa na degedege, na degedege ni miongoni mwa maradhi ambayo diazepamu hiyohiyo hutibu hospitalini. Ndiyo maana daktari humpunguzia kipimo kidogo kidogo, na kazi hiyo huweza kuchukua miezi.