Sumu Iliyopewa Kazi ya Koleo

Jangwani, jijini Dar es Salaam, imekaa ukingoni mwa bonde la Msimbazi, ambako maji ya mvua huchelewa kuondoka na vyoo vya shimo hufurika. Mbu wa Culex, anayezaliana kwenye maji machafu na kueneza matende na mabusha katika pwani yetu, hajawahi kukosa makazi mahali pa namna hii. Miaka ya 1970 jiji lilimpiga vita kwa sumu ya klopirifosi, iliyomwagwa vyooni kuua viluwiluwi. Sumu hiyo haikushindwa kwa kuwa hafifu. Ilishindwa kwa kupewa kazi ya koleo, ile ya mitaro na vyoo.

Ukali wake hauna ubishi. Kwa binadamu, neva humwaga kemikali ya asetilikolini na msuli hujikunja. Kisha kimeng'enya cha kolinesterasi huivunja, msuli ukalegea. Klopirifosi hukifunga kimeng'enya hicho, na amri ya kujikunja hukosa wa kuifuta: misuli hutetemeka, hukakamaa, mwisho hupooza. Kwa kiluwiluwi vurugu huanzia kwenye mfumo wa kati wa fahamu, lakini kifo ni kile kile.

Mbu nao walijibu. Mwaka 1981 C. F. Curtis na Nicole Pasteur walichapisha uchunguzi wa Culex kutoka nchi kadhaa, wa Dar es Salaam wakiwemo, ulioonyesha usugu dhidi ya sumu za jamii ya klopirifosi. Baadhi ya mbu sugu walikuwa na vimeng'enya vingi vya esterasi, vinavyoinasa sumu kabla haijafika kwenye neva. Atakayesema ilitosha kubadilisha sumu aitazame Makunduchi, Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya huko vilitandazwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji. Viluwiluwi vikakosa hewa, mbu wakapungua sana. Mbu hana kimeng'enya cha kuvunja plastiki.

Lakini punje hizo, mtu atauliza, si zitasombwa na mafuriko? Kwa Jangwani, ndiyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisomba hata nyumba, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Pingamizi hilo linaikaza hoja badala ya kuilegeza: choo kinachofurika hakilindwi na sumu wala plastiki. Bang, Sabuni na Tonn, walioandika kuhusu mbu wa jiji hili mwaka 1975, waliutanguliza usafi wa jamii na kuifanya dawa nyongeza. Jiji likitaka kumaliza mbu wa Jangwani, lianze na mitaro na vyoo; dawa ifuate nyuma.