Ukuukuu wa Kamba

Wahenga walinena: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ni shahidi wa msemo huo. Maandishi ya Kikufi katika kibla yake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti ulipojengwa upya katika karne ya 18, waashi waliyahifadhi mawe yale yenye herufi ndani ya jengo jipya.

Mwashi wa pwani alianza na alichonacho mkononi, umbo la nyumba likafuata. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu na Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba.

Bara nako hikima hiyo ipo. Maswa, mkoani Simiyu, hakuna matumbawe wala mikoko. Lakini bati livuliwalo katika paa kuukuu huja na matundu ya misumari, na fundi hana budi kulipanga ili tundu lifunikwe na bati jingine, au likae juu ya mgongo wa wimbi, maji yasipenye. Paa hilo hulichora kichwani kabla hajapanda ngazi.

Mchoro huo wa kichwani sasa waweza kuonwa na macho. Mwaka 1992 Thomas Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing walieleza chombo cha kuvaliwa kichwani, kimwonyeshacho fundi wa ndege, juu ya kazi yenyewe, mahali pa kupitisha nyaya. Ndio uhalisia ulioongezwa. Kila kipande cha kale kikishapimwa, fundi aweza kukiona mahali pake kabla hajakiinua wala kukikata; na kipande cha kale kikikatwa vibaya, hakina badala.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Siku kama hiyo, jiwe lililokwisha kupimwa lina pa kurudi. Lisilopimwa ni kifusi tu. Hata hivyo, miwani huonyesha pa kuliweka jiwe, haichanganyi chokaa ya kulishika. Waashi wazee wakiondoka bila wanafunzi, jumba litabaki picha angani.