Krenki ya kota pini na ukale wa baiskeli zetu

Mwenye baiskeli ya chuma anayetaka kuirudishia sura ya zamani huanza na krenki, maana baiskeli ikiegeshwa ukutani ndiyo inayovuta jicho. Siku hizi hushauriwa kununua ya alumini, yenye mikono myembamba inayong'aa, inayokaa kwenye ekseli yenye ncha za pembe nne. Ushauri huo si wa kubezwa. Kampuni ya Stronglight ya Ufaransa ilitoa krenki ya namna hiyo mwaka 1933, na Campagnolo ya Italia ikaleta yake ya mashindano mwaka 1958, kwa hiyo nayo ina umri wake. Ila huo ni ukale wa mashindano ya Ulaya. Kwa baiskeli inayotoka Mbalibali kwenda Mugumu, mkoani Mara, Tanzania, krenki ya kale ni ile ya chuma inayofungwa kwa kota pini, na kudumu kwake hakuelezwi na umaskini peke yake. Imeundwa iharibike pale ambapo fundi yeyote anaweza kupatengeneza.

Kota pini ni kijiti cha chuma chenye ubapa upande mmoja na nati mwishoni. Hugongwa kwenye tundu la mkono wa krenki mpaka ubapa wake ubane mkato uliochongwa kwenye ekseli. Kwa kuwa chuma chake ni laini kuliko cha ekseli, krenki ikilegea huliwa pini kwanza, na pini ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote hapo. Kuifunga kunataka nyundo, spana na tupa ya kusawazishia ubapa, pamoja na kipande cha bomba la kuegemeza mkono kwa chini ili kishindo kisiziumize gololi. Mkono mmoja ukielekea mbele na mwingine nyuma, nati moja lazima iwe juu na nyingine chini. Fundi akikosea hapo, pedeli hazitakaa mstari mmoja. Krenki ya alumini ikiendeshwa imelegea, tundu lake la pembe nne hupanuka na mkono mzima hautengenezeki tena. Na kuing'oa kunahitaji kifaa maalumu ambacho si kila fundi wa chini ya mwembe anacho.

Historia ya biashara nayo inaeleza mengi. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilichonga vichwa vya korongo kwenye gia yake ya mbele, na BSA ya Birmingham ikachonga herufi za jina lake. Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, ilipojengwa kwa mkopo wa China, 1970 hadi 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina madukani. Phoenix ya Shanghai, na Hero ya Ludhiana, India, zikaenea nchini kwa mfumo uleule wa kota pini wa Waingereza. Chapa zilibadilika, fundi hakulazimika kujifunza upya. Fedha za kigeni zilipokauka baada ya Vita vya Kagera na vipuri vikaadimika, kipuri kinachoweza kuchongwa kwa tupa kilikuwa na faida isiyoonekana kwenye bei.

Wapo wanaosema kota pini hulegea na chuma ni kizito. Ni kweli hulegea, hasa pini mpya, na inafaa ikazwe tena baada ya siku chache za kuendesha. Uzito nao upo, lakini baiskeli yenyewe ina kilo 20 hivi, na ikipakia gunia la mahindi, gramu mia kadhaa za krenki hazina uzito wa hoja. Wapo pia wanaosema bodaboda imemaliza mjadala wote. Pikipiki imechukua abiria, sawa, lakini haijamwondolea mwenye Raleigh ya babu yake swali la krenki ipi anunue. Huyo ajue kwamba Raleigh nyingi za zamani zina hesi 26 kwa inchi pale ekseli inapoingia, ilhali kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Vikombe vipya vya ekseli ya pembe nne havitaingia, na kuvilazimisha ni kuua fremu. Mwenye fremu nyepesi ya mashindano yenye hesi 24 afunge alumini bila wasiwasi. Ndiyo iliyokusudiwa kwa fremu hiyo. Kwa hiyo vikombe vya zamani vifunguliwe na hesi zihesabiwe kabla fedha haijatoka mfukoni.