Jairokopta na hatari za safari za kundi

JAIROKOPTA ni chombo chepesi cha angani kinachofanana na helikopta, lakini panga lake la juu haliendeshwi na injini. Injini huzungusha rafadha inayokisukuma chombo, na upepo wa mwendo huo ndio unaolizungusha panga. Cha kwanza kufaulu kuruka kilibuniwa na Mhispania Juan de la Cierva, mwaka 1923.

Injini ikizimika panga huendelea kuzunguka, na rubani aweza kutua penye uwanja mdogo. Sifa hiyo huwapa wengi matumaini kupita kiasi. Kikizimikia mita 1,000 juu, chombo hakifiki mbali zaidi ya kilomita tatu au nne. Aliye chini zaidi, juu ya nyumba zilizobanana za Tandale, Kinondoni, au Tandika, Temeke, hana pa kutua. Anayevuka kwenda Unguja, takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, hupita sehemu kubwa ya njia akiwa hana nchi kavu ya kukimbilia.

Usukani ukisukumwa mbele ghafla, panga hukosa upepo, hupunguza kasi, na chombo hupinduka.

Katika kundi, wa nyuma huona haya kurudi, hata mawingu ya masika yanapofunga. Vibali navyo ni vya wote: Novemba 2016, msafara wa ndege za kale uliotoka Krete kwenda Cape Town ulizuiliwa Gambela, Ethiopia, kwa madai ya kuingia bila ruhusa. Marubani na abiria walishikiliwa pamoja kwa takriban siku mbili.