Asilimia 20 ya Robo Milioni: Hesabu Ndogo Iliyofika Ngara

Hebu tuanze na hesabu ya kichwani. Asilimia 20 ya 250,000 ni ngapi? Ondoa sifuri moja, una asilimia 10, yaani 25,000. Zidisha kwa mbili: 50,000. Hata kalamu hujashika.

Sasa twende Ngara, mkoani Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, umati wa watu kutoka Rwanda ulivuka mpaka wa Rusumo ukaingia Tanzania. Namba iliyozunguka dunia ilikuwa hiyo hiyo: watu 250,000 ndani ya saa 24. Sensa ya 1988 iliikuta wilaya nzima ya Ngara na watu karibu 160,000. Maana yake, kwa siku moja wageni walikuwa zaidi ya asilimia 150 ya wenyeji. Kambi ya Benaco ikawa ghafla kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania.

Lakini ile 250,000, nani aliihesabu? Igawe kwa sekunde za siku nzima: ni karibu watu watatu kila sekunde, mchana na usiku. Hakuna karani wa kuandika majina kwa kasi hiyo. Lilikuwa kadirio, na zile sifuri nne zinasema wazi. Sifuri hazina kosa. Kazi huanza tunapozichukulia asilimia.

Katika dharura, pasipo na orodha, watoto chini ya miaka 5 hukadiriwa kuwa asilimia 20 ya watu wote. Kwa hiyo, chanjo ya surua kwa watoto 50,000. Tuseme (huu ni mfano wangu) umechanja 36,000. Ni asilimia 72, bado kazi ipo. Ila kama watu walikuwa 200,000, watoto ni 40,000, na wewe umeshafika asilimia 90. Sindano ni zile zile.

Utasema basi tuzidishe idadi tu, ili chakula na dawa visipungue. Na wapo waliofanya hivyo: mwanzoni misaada ilipitia mikononi mwa viongozi wa wakimbizi wenyewe, na kiongozi anayegawa mahindi hana haraka ya kupunguza watu wake.

Tatizo ni makaburi. Wahudumu wa afya hutangaza hali ya hatari vifo vikizidi mtu 1 kwa kila watu 10,000 kwa siku, yaani asilimia 0.01. Chukua mfano mwingine: asubuhi moja yamehesabiwa makaburi mapya 22. Ukigawa kwa watu 250,000, ni vifo 0.88 kwa kila 10,000. Uko chini ya mstari, unaweza kulala. Ukigawa kwa 200,000, ni 1.1, na hapo hakuna kulala. Kumbe idadi iliyovimba inaleta mahindi mengi na papo hapo inaficha vifo.

Ndiyo maana wataalamu wa kambi hawaridhiki na namba ya siku ya kwanza. Wanahesabu vibanda vyote, wanachagua vichache kwa kubahatisha, wanaingia na kuuliza: humu mmelala wangapi jana? Wastani wanaupata hapo, kisha wanauzidisha kwa idadi ya vibanda. Jibu huwa na sifuri chache, na wakati mwingine hata halimpendezi aliyeliomba.