Kapenguria: mji uliochaguliwa kwa sababu haufikiki

Ukipanda matatu Kitale ukielekea Lodwar, baada ya kilomita kama 35 unafika Makutano. Kelele zote ziko hapo: boda, mitumba, wasafiri wa Turkana wakinunua maji ya njia. Wengi wakipita hapo wanajua wameshaiona Kapenguria. Wapi! Kapenguria yenyewe, makao makuu ya kaunti ya Pokot Magharibi, iko pembeni kidogo, imetulia, na kivutio chake kikubwa ni jela.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 mkoloni alifanya msako mkubwa akatangaza hali ya hatari. Kati ya waliokamatwa, sita wakaletwa huku kushtakiwa kwamba ndio wanaongoza Mau Mau: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Oneko na Ngei. Na usidhani wote walikuwa wazee wa mkongojo. Ngei alikuwa na miaka 29.

Sasa mbona Kapenguria na si Nairobi? Huku hakukuwa na hoteli, hakukuwa na simu, na kuingia tu ilitaka kibali cha serikali. Mahakama yenyewe ilikuwa darasa la shule ya kilimo. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale na kupiga safari hiyo kwenda na kurudi kila siku ya kesi. Hapo ndipo ujue kesi ilishaamuliwa kabla haijaanza.

Jaji alikuwa mstaafu aliyeitwa kazini kwa shughuli hiyo moja, na serikali ikampa pauni 20,000. Tarehe 8 Aprili 1953 akawapiga wote sita miaka saba na kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, mbali zaidi huko Turkana. Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiwa. Akabaki kizuizini tu.

Halafu kuna yule shahidi mkuu, aliyedai alimwona Kenyatta akisimamia kiapo. Mwaka 1958 jamaa akajitokeza akala kiapo cha maandishi kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa mambo mazuri, masomo Uingereza yakiwemo. Unajua alifungwa kwa lipi? Si kwa kudanganya mahakamani. Alifungwa kwa kusema kwamba alidanganya!

Na Karumba ndiye hadithi yake haina mwisho: mwaka 1974 alienda Uganda kwa biashara, hakuonekana tena mpaka leo.

Zile seli ziligeuzwa makumbusho mwaka 1993. Ndani utakuta pia vitu vya Wapokot na boma lao la kienyeji. Ugatuzi ulipoanza 2013, mji uliochaguliwa ili watu wasifike ukawa ndio mji ambao kaunti nzima inaufuata ikitaka huduma. Boda kutoka Makutano ni dakika chache tu.