Kunga na Kitabu: Maandishi ya Kumkuza Mtoto Katika Nchi ya Nambilanje

Atakayetaka kuandika historia ya kitabu cha mtoto katika sehemu za Nambilanje hana budi kuanzia mahali ambapo hapakuwa na kitabu hata kimoja. Nambilanje ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Kabla ya Ruangwa kufanywa wilaya mwaka 1995, watu wake walikwenda Nachingwea kwa haja zao za serikali. Ni nchi ya Wamwera, nchi ya mtama, muhogo, ufuta na mikorosho. Tangu zamani watoto wa nchi hii walifundishwa habari za mwili, za usafi na za utu uzima, na mafundisho hayo yalikuwa na walimu wake, majira yake, na hata mitihani yake. Mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, wavulana walipelekwa jandoni na wasichana wakaingia unyagoni. Ngariba na kungwi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na nyimbo, mafumbo na ngoma, na juu ya yote walikuwa na siri. Aliyoyasikia mwali hakuruhusiwa kuyatoa mbele ya mtu asiyechezwa.

Mafundisho hayo ndiyo tunayoyaita kunga. Katika kurasa hizi tunataka kueleza jinsi kunga zilivyoingia kitabuni, na kwa nini safari hiyo ilikuwa ndefu. Wako wanaosema kwamba sababu ni uhaba wa karatasi na ubovu wa barabara. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kwa maoni yetu, sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba kwa miaka mingi waandishi wa mambo ya afya katika nchi yetu waliandika kwa ajili ya watu wazima, na mtoto akasoma kwa kuchungulia juu ya bega la baba yake.

Si kwamba lugha yetu haikujua kusema na kijana. Huko Lamu na Siu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa na akiona siku zake zinakwisha, alimtungia binti yake utenzi wa kumwelekeza katika dini, adabu na maisha ya ndoa. Karibu miaka 100 baadaye Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali kama wengi wetu tulivyo, alitunga tenzi mbili za kuwausia watoto wake, mmoja kwa ajili ya binti na mmoja kwa ajili ya mwana, akazitia katika kitabu cha maisha yake. Sisi tunaotunga mashairi tunazithamini tenzi hizi kwa jambo moja ambalo wahakiki hawalitaji sana: ndani yake mzazi anamtazama mtoto mmoja, anayemjua, na kusema naye. Jambo hilo lilipotea vitabu vya afya vilipoanza kuandikwa na idara.

Kwa upande wa kusini, walioligusa jambo la jando mapema kuliko serikali ni wamisheni. Jirani zetu wa Masasi wanalikumbuka jina la Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Wakati wamisheni wengine walipotaka jando ife, yeye aliona afadhali iingizwe kanisani, ikasafishwe kwa sala, na mafundisho yake yatolewe chini ya macho ya mapadri. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu. Sisi hatutaingia katika ugomvi huo. Tunaona tu kwamba hata yeye alimwachia mwalimu wa jando kazi ya kusema. Hakumpa mtoto kitabu akasome peke yake.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitoa mawaidha mengi kwa msomaji wake, lakini msomaji huyo alikuwa karani, mwalimu au jumbe. Mwaka 1948 serikali za Afrika Mashariki ziliunda ofisi ya vitabu vya pamoja, ambayo ilichapisha vitabu vidogo vidogo vya kilimo, uraia na afya. Hivyo navyo vilimtafuta mtu mzima aliyekwisha kusoma, na katika nchi ya Nambilanje watu wa namna hiyo walihesabika kwa vidole. Nachingwea yenyewe, iliyoletewa matrekta na reli kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ilipata vyuma vingi kuliko vitabu.

Hata baada ya Uhuru hali haikugeuka mara moja. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Ndipo Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ndipo, mwaka 1973, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya na Redio Tanzania, iliwakusanya watu katika vikundi nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo, redio ya kusikiliza na vitabu vya kusoma. Kwa muda wa majuma 12 watu walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kufanya waliyoyakubali: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Malaria, safura, kichocho na kuhara, maradhi ambayo wazee wetu waliyahesabu kuwa ni sehemu ya kuzaliwa mwanadamu, yalielezwa kwa mara ya kwanza kuwa yana chanzo kinachoonekana na njia ya kuzuiwa.

Sisi wakati huo tulikuwa bado tukibebwa mgongoni. Lakini vitabu vya Mtu ni Afya havikufa pamoja na kampeni. Kimoja kilibaki ndani ya kasha la mzazi wetu, chini ya kanzu ya sikukuu, nasi tulikigundua tulipokuwa darasa la tatu. Tulikisoma chote. Hatukujua wakati ule kwa nini tulikielewa kwa urahisi namna ile; leo tunajua. Kiliandikwa kwa watu wazima wanaojifunza kusoma, na kwa hiyo herufi zake zilikuwa kubwa, sentensi zake fupi, na picha zake nyingi. Bila kukusudia, Serikali ilikuwa imetuchapia watoto kitabu chetu cha kwanza cha afya. Jioni tulikuwa tukimsomea bibi yetu habari za mnyoo wa safura, namna unavyopenya katika unyayo wa mtu apitaye peku mahali penye kinyesi, naye akisikiliza huku akiitazama miguu yake.

Kitabu hicho hakikuwa na hila, na twakishukuru. Hata hivyo tulipofika darasa la sita, sauti zikaanza kutukwaruza na ndevu kutuchungulia, tulikirudia tukitafuta neno juu ya mambo yaliyokuwa yakitupata, hatukuliona. Kilijua habari za mbu na za minyoo. Habari za mtoto anayegeuka kuwa mtu mzima kilimwachia kungwi.

Hapa tunaomba ruhusa ya kumkumbuka mwenzetu mmoja wa darasani, msichana aliyekuwa akitushinda wote katika hesabu. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imetangazwa mwaka 1977, na madarasa yalijaa wasichana ambao dada zao wakubwa hawakuwahi kushika kalamu. Kiangazi kimoja mwenzetu huyo alivunja ungo, akaingia unyagoni, akatoka amepakwa mafuta, amevishwa kanga mpya, na kijiji kizima kikamshangilia. Kisha akarudi katika dawati lile lile. Unyago ulikuwa umemfundisha usafi wa siku za hedhi, heshima kwa wakubwa, na namna ya kukaa na mume. Mume mwenyewe hakuwapo. Palikuwapo na miaka miwili ya shule. Kunga zilitungwa kwa zama ambazo mwali alitoka ndani na kuolewa, na hazikuwa na fungu linalomhusu mwali anayerudi kwenye jedwali la kuzidisha. Shuleni nako hapakuwa na mtu wala karatasi ya kumweleza kwamba mwili wake ulikuwa tayari kuchukua mimba. Hakufika kwenye mtihani wa darasa la saba. Jina lake lilipokatwa katika daftari la mahudhurio sisi wavulana tulicheka, maana tulidhani kicheko ndicho kilichostahili. Tunakijutia kicheko kile hata leo.

Kati ya waliokuwa wakijua, yaani kungwi, na waliokuwa wakiandika, yaani idara, hapakuwa na daraja. Lilianza kujengwa kwa hofu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka michache ilidhihirika kwamba ukimya wa wazazi ulikuwa ukiua. Tangu hapo maandishi yalianza kusema. Tusifiche kwamba mengi ya maandishi ya mwanzo yalikuwa hotuba zilizopewa majina ya watu. Kijana alikosa adabu ukurasa wa pili, akaugua ukurasa wa kumi, akazikwa ukurasa wa mwisho. Mtoto hapendi kuhutubiwa, kama mtu mzima asivyopenda.

Mambo mawili yaliyafanya maandishi haya yakue. La kwanza ni Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa Kanada. Mradi huo uliwasaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini, ukanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni, na hivyo mchapishaji akathubutu kuchapa kitabu cha Kiswahili kwa mtoto asiye na senti. La pili ni kwamba waandishi wa hadithi na tamthilia walilichukua jambo hili mikononi mwa wahubiri. Tamthilia ya Kilio Chetu, ya miaka ya 1990, inahusu hasa swali lililomsumbua kila mzazi wa kusini: je, mtoto aambiwe au asiambiwe? Mama yake Suzi anashika mila ya kunyamaza. Suzi na Joti wanajifunza wenyewe gizani, na gharama yake inaonekana. Katika Orodha ya Steve Reynolds, binti Furaha anakufa akiacha barua, na wanaume wa kijiji wanatetemeka wakidhani majina yao yamo. Sisi tunaiona tamthilia hii kuwa bora kuliko nyingi za namna yake, kwa sababu inawahukumu wazee kabla ya kumhukumu mtoto. Emmanuel Mbogo katika Watoto wa Mama N'tilie aliandika juu ya watoto waliokosa shule wakatupwa mitaani, na Ben Hanson katika Takadini akamwandika mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa ngozi, ambaye mama yake alikimbia naye ili asiuawe. Jarida la Femina, lililoanza mwaka 1999 na baadaye kuitwa Fema, liliwaachia vijana wenyewe waulize maswali waliyokuwa wakiyaficha.

Vitabu hivi tulivyovitaja vilisomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha 3 na cha 4. Ni jambo jema, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, vilisomwa kwa ajili ya mtihani, hata huzuni ya Suzi ikageuzwa kuwa jibu la swali la dhamira na wahusika. Pili, msichana wa Nambilanje huvunja ungo akiwa darasa la tano au la sita. Kitabu kikimngojea kidato cha 3, kinamkuta mwenzetu yule wa hesabu ameshaondoka. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyekatizwa masomo kwa ujauzito arudi shuleni. Uamuzi huo ulikuja kwa kizazi kingine, nasi tuliposikia ukisomwa redioni tulimkumbuka yeye kabla ya kumkumbuka mtu mwingine yeyote.

Na unyago je? Bado upo. Viongozi wa mikoa ya kusini wamehimiza mara kwa mara kwamba ufanywe wakati wa likizo ili usikatize masomo, na wako wazazi wanaolalamika kwamba siku hizi wanaingizwa watoto wadogo mno. Yatupasa kuwa waangalifu hapa. Wenye kuubeza unyago aghalabu hawajapata kukaa na kungwi wakamsikiliza, na wenye kuutukuza aghalabu hawakumwona mwenzetu akiondoka na madaftari yake yamefungwa kwa kamba.

Kazi ya utumishi ilitupeleka Nambilanje kiangazi kimoja cha miaka ya karibuni, nasi tulikaribishwa katika ua wa bibi mmoja ambaye amewafunda wali wa vijiji kadhaa. Mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa ameazimwa na mwalimu wake kitabu kidogo kinachomweleza msichana habari za hedhi. Bibi akamwambia asome kwa sauti. Alisoma kurasa mbili, na bibi, aliyekuwa akipepeta mtama, akauweka ungo chini. Aliwaondoa wavulana waliokuwa wakicheza karibu, akatutazama sisi kwa muda kana kwamba anapima kama nasi tuondoke, kisha akasema kwamba maneno yale ndiyo yake mwenyewe anayoyasema usiku, ila mwenye kuandika amesahau mawili matatu, na ameongeza moja ambalo yeye hakulijua. Tulipouliza ni lipi, hakutujibu. Alimgeukia mjukuu wake akamwambia aanze tena tangu ukurasa wa kwanza, polepole, nasi tukaaga.